Mmarekani wa Vessem

Siku Marekani ilipomkumbuka Sjef Hendrikx, yeye alikuwa amelala chali chini ya mashine huko Wuxi, nchini China, mkono umezama ndani hadi kwapani, anakaza bomba la maji ya kupozea. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Tumbo lake halikuwa tena la kulazwa chini ya mashine, na mgongo ulikuwa umeanza kumdai. Lakini kazi ile ya kuunganisha mashine za kuchapa chipu za kompyuta ndiyo pekee aliyoijua tangu ujana, na hakuwa na haja ya kujua nyingine.

"Sjef, toka huko chini," aliita Maarten Diepstraten, kiongozi wa timu yao, kijana mwenye adabu za ofisini na viatu vya ofisini.

"Nimalize bomba."

"Toka. Usiguse kitu."

Sjef akajivuta nje akidhani amevunja kifaa. Maarten alikuwa ameshika tableti kwa mikono miwili.

"Marekani imetoa amri," alisema. "Raia wao yeyote haruhusiwi kusaidia viwanda vya Wachina vya aina hii. Hata kushika spana haruhusiwi. Kampuni inasema Wamarekani wetu wote waweke vifaa chini sasa hivi."

"Basi mwambie huyo Mmarekani aweke," alisema Sjef. "Kwani tunaye?"

"Ni wewe."

Noud Sleegers, aliyekulia mtaa mmoja na Sjef, wakasoma pamoja, wakaajiriwa pamoja, alicheka hadi miwani yake ya kazi ikaingia ukungu. "Huyu? Huyu hajawahi hata kutafuna bigijii."

Lakini ilikuwa kweli, na kosa lenyewe lilikuwa la mapenzi. Toon Hendrikx na mkewe Drika, mara tu walipooana, waliwafuata watu wengine wa mkoa wao wa Brabant, Uholanzi, waliokuwa wamehamia Wisconsin, Marekani, wakapata kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Sjef akazaliwa huko. Kabla mtoto hajaanza kusema vizuri, rundo la magogo lilimporomokea Toon uani mwa kiwanda. Drika alimzika mumewe kulekule, akambeba mtoto, akarudi kijijini kwao Vessem. Kutoka Marekani Sjef hakukumbuka chochote, si theluji wala sura ya baba yake. Ila sheria ya nchi ile ni kwamba aliyezaliwa kwenye ardhi yao ni wao, na Drika alihakikisha hawamsahau. Kila pasipoti ya Kimarekani ilipokaribia kuisha muda, alimshika mwanawe mkono wa shati hadi Amsterdam kuchukua nyingine. "Baba yako hakukuachia shamba wala saa," alikuwa akimwambia. "Alikuachia hii." Sjef aliitia kwenye droo na kuisahau, maana safari zake zote alisafiri na pasipoti ya Kiholanzi.

Angenyamaza tu, nani angejua? Lakini miaka ya nyuma kampuni iliwauliza wafanyakazi wake uraia wao, na Noud akamwonya aandike Uholanzi yaishe. Sjef aliandika zote mbili. Watu wa Vessem wakiulizwa hujibu, hata kama jibu halimsaidii yeyote, na Sjef kwa tabia hiyo aliwapita wote. Nimeona mambo mengi mazuri yakiharibika huko kwa ugonjwa huu wa kujibu.

Basi akavua nguo nyeupe ya chumba kile kisichoruhusu hata punje ya vumbi, ile inayomfunika mtu asibaki ila macho. Mlangoni alimkuta Bi Qian Wenjuan, mhandisi wa kiwanda, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, ambaye Sjef alikuwa akimfundisha mashine ile kifaa kwa kifaa. Habari ilikuwa imemfikia.

"Fundi, hujamaliza," alisema.

"Noud atamaliza."

"Noud anajua mabomba. Lenzi ulisema utanifundisha wewe." Kisha akaongeza, "Na mkate haujaliwa."

Hapo ndipo Bi Qian alipomshika Sjef. Mashine zile hufika vipandevipande, makasha kwa makasha, na kuziunganisha huchukua miezi. Siku kisahani cha kwanza cha silikoni kinapotoka na mistari yake imekaa sawa, Sjef alikuwa na desturi yake: anaomba jiko la kantini, anawapikia wote waliohusika mkate wa nyama wa kwao Brabant, ule wa unga laini uliofungwa nyama ya nguruwe ndani, ambao kwao huliwa Krismasi watu wakitoka kanisani. Haliwi hata tonge kabla mashine haijakubali. Alifanya hivyo Korea, akafanya Taiwan, na hapo Wuxi alishafanya kwa mashine ya kwanza. Bi Qian aliukagua mkate ule kwa makini kabla ya kuuma. "Mmefunga nyama kama tunavyofunga sisi," alisema, "ila nyinyi mmesahau mchuzi." Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

"Nitarudi kuula," alisema Sjef. "Lenzi nitakufundisha, na mkate tutaula. Nakuahidi."

Alisema hivyo mbele ya Noud, mbele ya Maarten, na mbele ya vijana wote wa Bi Qian waliokuwa wamesimama na nguo zao nyeupe. Kesho yake alipanda ndege kurudi nyumbani.

Nyumbani alipewa kazi ya kukagua makasha ghalani. Ni kazi ya heshima, na Sjef aliichukia. Kilichomuudhi zaidi ni simu. Wakili wa kampuni alimweleza kwamba Mmarekani haruhusiwi kusaidia hata kwa mdomo, kwa hiyo Noud alipompigia kutoka Wuxi waliongea habari za mpira na mvua. Mara moja Noud alijisahau. "Sikia, ile pampu ya upande wa kushoto..." Sjef akakata simu. Akakaa anaitazama, akijua kabisa pampu ile ina nini.

Novemba Drika akatimiza miaka themanini na sita, na familia ikakusanyika kwa Sjef na mkewe Riky. Viti vilipangwa kuzunguka ukuta. Kila aliyeingia alizunguka duara lote akitoa mkono, kama desturi ya huko ilivyo: hongera kwa mama yako, hongera kwa mama mkwe, hongera kwa bibi yako. Kahawa ikapita, kila mtu akapata kipande kimoja cha keki ya matunda, na boksi la keki likafungwa.

"Mpisheni Mmarekani akae," alisema Ad, kaka yake Riky, fundi bomba mstaafu aliyekuwa na jibu la kila jambo. "Shemeji, karibu Uholanzi. Umekuja kwa muda gani?"

"Ad, kula keki yako," alisema Riky.

"Nakula. Nauliza tu. Hao ni rafiki zetu, sawa? Rafiki gani anakuja nyumbani kwako anakwambia mayai yako umuuzie nani? Na yeye kuku wake anauza."

"Serikali yetu huko The Hague imesema itaamua yenyewe," alisema jirani mmoja. "Waziri amesema The Hague haipokei amri kutoka Washington."

"Amesema hivyo akiwa wapi? Akiwa uwanja wa ndege, anakwenda Washington."

Duara likacheka. Hata Sjef alicheka, ingawa kicheko hakikufika mbali. Wajapani, ambao nao huunda mashine kama hizo, walikuwa wanavutwa mkono na Marekani namna hiyohiyo, na kila siku redio ilisema mazungumzo yanaendelea baina ya washirika.

"Mimi nina swali," alisema Riky. Yeye alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache, na mumewe alimwogopa kidogo kwa hilo. "Chipu zile zikiwekwa kwenye kombora je? Tumeona vita jirani hapa. Wale Wamarekani si wajinga."

"Ni za magari," alisema Sjef. "Na mashine za kufulia. Bi Qian aliniambia."

"Bi Qian anajua zote zinakokwenda?"

Sjef aliulizwa, na ilimbidi ajibu. "Hapana," alisema. "Wala mimi sijui. Zile za Korea pia sijui zilikokwenda. Mimi naunganisha mashine, Riky. Nikishaunganisha, inachapa."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Riky, si kwa ukali, na akaenda kuongeza kahawa.

Sjef alilibeba neno lile wiki nzima kule ghalani, akaligeuza huku na huku. Hakupata pa kulitua. Huenda Marekani ilikuwa na haki, na huenda ilikuwa inalinda biashara yake tu kwa kisingizio cha amani. Wakubwa wa nchi rafiki wenyewe walikuwa hawajakubaliana, sembuse yeye mkagua makasha. Lakini hilo halikuwa swali lake. Noud alikuwa bado kule, Mholanzi mtupu, anakaza bomba lilelile kwa spana ileile kwa ruhusa kamili. Kama kazi ilikuwa dhambi, ilikuwa dhambi kwa mkono wa Sjef na halali kwa mkono wa Noud, na tofauti baina ya mikono hiyo miwili ilikuwa kijitabu kwenye droo. Kijitabu kinaweza kurudishwa. Jambo hilo lilipomjia, alishangaa kwamba halikumjia mapema. Kisha akamkumbuka mama yake, akajua kwa nini.

Alimwendea alasiri moja kwenye nyumba ya wazee. Drika alikuwa dirishani anafuma soksi ambazo hakuna aliyezihitaji.

"Mama, nataka kurudisha pasipoti ya Marekani. Nikiirudisha nitaruhusiwa kwenda kumaliza kazi."

Mama hakuinua kichwa. "Wakati wa vita, wale vijana wa Kimarekani waliporuka na miavuli kutoka angani kule Son," alisema, "mimi nilikuwa na miaka saba. Nilidhani ni shuka zimepeperushwa kutoka kwenye kamba. Mmoja aliangukia kwenye viazi vya mjomba. Akampa mama yangu kitambaa cha mwavuli wake, na gauni langu la komunyo ya kwanza lilishonwa kwa kitambaa hicho. Wengine wa wale vijana hawakufika hata kwenye daraja walilotumwa kuliteka. Na wewe unataka kuwarudishia karatasi yao."

"Sina ugomvi na vijana wale, Mama."

"Najua huna." Sindano zikaendelea. "Na baba yako? Kule kuna kaburi. Wewe ukiwa raia wao, Toon ana mtu wa kwake katika nchi ile. Ukirudisha, amebaki na nani?"

Katika maisha yake yote Sjef hakuwahi kufikiri kwamba ile safari ya Amsterdam, mkono wa shati, picha, foleni, ilikuwa mama yake anamwekea mumewe mtu wa kukaa naye.

Alishainuka kuondoka mama yake aliposema, "Yule mwanamke wa Kichina. Ulimwahidi?"

"Nilimwahidi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Drika akaweka ufumaji chini. "Sasa ulikuja kuniuliza nini? Nenda. Ila mimi nitakuja. Niliichukua pasipoti ya kwanza nikiwa nimekubeba, siwezi kuacha urudishe ya mwisho peke yako."

Nafasi ya kuonana na ofisa ilichukua miezi kupatikana. Kuna wengi kama Sjef, wamezaliwa kule kwa bahati na sasa wanapanga foleni kutoka. Ilipofika zamu yake ilikuwa kiangazi. Walikwenda Amsterdam kwa treni, Drika na kiti chake cha magurudumu na gauni lake la Jumapili, Sjef na suti ya harusi ya bintiye.

Ofisa wa ubalozi mdogo wa Marekani alikuwa binti mpole mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alimweleza Sjef kwamba jambo hili halina kurudi nyuma. Kisha akamuuliza, kama sheria inavyomtaka, "Kuna mtu yeyote amekulazimisha?"

Sjef alifikiri. Alikuwa ameulizwa.

"Ndiyo," alisema.

Binti akaweka kalamu mezani. "Nani?"

"Nyinyi."

Binti alijaribu tena, polepole. "Bwana Hendrikx, ukiniambia umelazimishwa, siwezi kukupokea. Itabidi urudi nyumbani na uombe siku nyingine."

"Lakini ni kweli. Mimi sikuwa na shida na uraia wenu. Ulikaa kwenye droo yangu kwa amani. Nyinyi ndio mlio..."

"Sjef," alisema Drika kutoka kwenye kiti chake. "Mwanangu, mara moja tu katika maisha yako, nyamaza."

Binti wa ubalozi aliinamisha uso, na mabega yake yakatikisika kidogo. Alipoinua tena, aliuliza swali lake upya, neno kwa neno, kana kwamba hakuwa ameuliza. Sjef alimtazama mama yake, akasema kwamba hapana, ni kwa hiari yake. Akainua mkono, akasoma kiapo cha kujitoa, nacho kilikuwa kifupi kuliko sala ya chakula.

Nje, Drika aliomba wakae kidogo kwenye benchi. Alikuwa analia bila sauti na hakujificha. Sjef alimshika mkono, akataka kusema atakwenda Wisconsin kuliona kaburi, kwamba mgeni pia anaruhusiwa kusimama kwenye kaburi la baba yake. Hakulisema, kwa sababu hakuwa na hakika kama angekwenda kweli. Wakarudi nyumbani.

Cheti cha kujitoa kilichelewa. Washington nao wana foleni zao. Kilifika mwanzoni mwa vuli, na asubuhi hiyohiyo Sjef alikitia mfukoni, akapanda baiskeli hadi kazini, akapita ghalani bila kusimama, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Maarten, ambaye alikuwa amehamishiwa nyumbani tangu Machi.

"Mimi ni Mholanzi," alisema, akaweka cheti mezani. "Mtupu. Nipe tiketi."

Maarten alikisoma cheti chote. Kisha akainuka, akamtengenezea Sjef kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na hapo Sjef akajua kuna jambo. Mkubwa wa pale hamtengenezei mtu kahawa hivihivi.

"Hukusikiliza redio?" aliuliza Maarten.

"Nilikuwa nasikiliza posta."

"The Hague wamekubaliana na Washington. Si kwa yote, lakini kwa mashine za aina ile wamekubaliana. Sasa ni sheria yetu wenyewe. Kila kiwanda lazima kiombewe kibali, na cha Wuxi hakikupewa. Noud na wenzake wanarudi wiki hii."

"Lakini hiyo ilikuwa kwa Wamarekani."

"Sasa ni kwa Waholanzi."

Sjef alikunywa kahawa yake yote. Ilikuwa ya moto na ilimuunguza, lakini hakuweka kikombe chini. "Mwaka jana mlinitoa kwa kuwa mimi Mmarekani," alisema mwishowe.

"Najua, Sjef."

"Mwaka huu siendi kwa kuwa mimi Mholanzi."

"Najua."

"Kwa hiyo ningekaa tu, ningekuwa palepale."

Maarten alikuwa kijana, lakini hakuwa mtu mbaya. Alitazama nje. "Ndiyo," alisema. "Ungekuwa palepale."

Noud aliporudi alikuja jioni na chupa ya pombe kali ya mreteni, wakakaa jikoni. Alijaribu mzaha, maana ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumfariji mtu. "Ukitaka kwenda Wuxi sasa inabidi uzaliwe upya, na uzaliwe Wuxi," alisema. Sjef hakucheka. Noud akanywa, akasema kwa sauti nyingine, "Siku ya mwisho Bi Qian alinisindikiza hadi getini. Hakuuliza habari za mashine. Aliuliza kama wewe umekasirika naye, kwa sababu hujamwandikia."

"Wakili alisema nisiandike."

"Nilimwambia. Alisema anaelewa. Sjef, nadhani hakuelewa. Mimi mwenyewe sielewi."

Kumwambia Drika kulimshinda. Kila Jumapili alikwenda, akakaa, akaongea habari za soksi. Lakini kijiji ni kijiji, na Ad hajawahi kukaa na habari. Mama alijua kabla ya wiki kwisha, naye akanyamaza, kila mmoja akimlinda mwenzake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi Novemba iliporudi, viti vikapangwa tena ukutani, watu wakazunguka tena duara wakipongezana, na Drika akakaa katikati yao na miaka yake themanini na saba.

Simu ya Sjef ilitikisika mfukoni wakati keki inapita. Ilikuwa picha. Kantini ya Wuxi, meza ndefu, Bi Qian na vijana wake wamepanga mstari nyuma ya sinia. Kwenye sinia kulikuwa na mikate ya nyama, mibaya kupita kiasi. Mingi ilikuwa imepasuka upande, nyama imechungulia nje, mmoja umeungua mweusi. Wote walikuwa wanatabasamu isipokuwa Bi Qian, aliyeitazama mikate yake kwa mashaka.

Chini ameandika: *Fundi, kisahani cha kwanza kimetoka leo. Tumemaliza wenyewe. Tumekula mkate, kwa sababu ndiyo desturi. Lakini mikate imepasuka karibu yote. Sijui tumekosea wapi.*

Sjef aliusoma ujumbe, kisha akausoma tena. Aliona haya kwa sababu moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha na kuzama kwa mpigo mmoja. Waliweza. Waliweza lenzi, ile ambayo alidhani hakuna wa kuwafundisha ila yeye.

"Nini?" aliuliza Riky. Simu ikazunguka duara mkono kwa mkono, kila mtu akatoa maoni juu ya mikate.

"Unaruhusiwa kujibu?" aliuliza jirani.

"Habari za mashine, hapana."

"Na mkate?" alisema Ad. "Mkate una kibali? Uliza The Hague. Uliza Washington pia, wasije wakaona vibaya." Lakini alisema bila makali, na alipomrudishia Sjef simu alimshika bega, jambo ambalo Ad hakuwa na kawaida nalo.

Simu ikafika kwa Drika. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama picha muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyo."

"Wamemaliza bila wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Basi pasipoti ile uliirudisha bure?"

Riky alianza kuinuka ili apitishe kahawa, akakaa tena. Sjef alijua kuna majibu mengine ambayo mtu mwenye huruma angetoa, na mama yake pengine angeyapokea. Lakini alikuwa ameulizwa.

"Ndiyo," alisema. "Bure."

Drika akaitikia kwa kichwa polepole. Aliirudisha simu mkononi mwa mwanawe, akaifunika kwa mkono wake mwenyewe uliojaa mishipa. "Toon angefanya vilevile," alisema. "Naye alikuwa mpumbavu wa namna hiyo." Kisha akasema, "Sasa mwambie vizuri habari za mkate. Hiyo mikate ni aibu."

Sjef alikwenda jikoni, akakaa mezani peke yake, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Aliandika kwamba unga haukupumzika vya kutosha, uachwe chini ya kitambaa hadi uumuke wenyewe. Kwamba nyama isizidi, kwa sababu ikizidi hutafuta njia ya kutoka. Kwamba mshono uwekwe chini, siku zote chini, ukae kwenye sinia, ili uzito wa mkate wenyewe uufunge. Halafu kidole kikaenda chenyewe: *Na mistari imekaa sawa kwenye kona za...* Akasita. Akafuta neno kwa neno hadi akarudi kwenye mshono, akatuma.

Jibu lilikuja kabla hajainuka. Bi Qian lazima alikuwa ameketi na simu mkononi.

*Asante, Fundi. Mshono chini. Tutapika tena Jumapili.* Kisha mstari mwingine: *Utakuja lini kuula?*

Sebuleni walikuwa wameanza kumwimbia mama. Sjef Hendrikx, mtu ambaye hakuwahi kuulizwa jambo asijibu, aliitazama simu hadi kioo chake kikazimika chenyewe, akaitia mfukoni, akaenda kuimba na wenzake.